Bi Sufi na Godoro Lililozunguka

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kulala juu ya godoro ulilolishona kwa mikono yako mwenyewe, likakutupa kama punda aliyekataa mzigo? Kama hujawahi, shukuru. Bi Sufi yalimkuta, tena mchana kweupe, mteja akiwa tayari yuko njiani kuja kuchukua mali yake.

Jina la Bi Sufi alipewa na majirani, na yeye hakulikataa. Kazi yake ni kushona magodoro ya sufi, ile pamba laini ya mti wa msufi, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Ukiingia, mkono wa kushoto utaona magunia ya sufi yamepandana karibu na dari, na mkono wa kulia kuna meza ndefu ya mbao iliyolainika kwa kusuguliwa na vitambaa. Shazia zake, zile sindano ndefu za kushonea godoro, amezichomeka kwa mstari kwenye kipande cha sabuni ya kufulia ili zisishike kutu na zipenye bila ubishi. Kando yake kuna bonge la nta la kupaka uzi. Sufi nayo haina adabu, inaruka kila mahali. Imejaa kwenye nyusi zake, kwenye mabega na kwenye nywele, hata mumewe husema ameoana naye miaka yote hii na bado hajui mke wake ana mvi kiasi gani.

Sasa, Bi Sufi ana mtindo wake wa kazi. Godoro halitoki mlangoni kabla yeye mwenyewe hajalilalia. Akishafunga uzi wa mwisho, humwambia mumewe akae nje kwenye kigoda kama mtu anayepunga upepo, naye hurudisha mlango. Hutandika shuka safi juu ya godoro, akalala chali, akaacha kichwa kishuke mpaka kiguse. Kisha hugeuka kushoto akatulia, halafu kulia akatulia. Kwa mbavu na shavu anajua palipo na bonge, palipo na shimo, na palipobaki mbegu za sufi ambazo mkono haukuziona. Hilo alilifanya siri yake na ya mumewe. Nani anataka kuambiwa kwamba godoro lake jipya bibi wa watu ameshalionja usingizi?

Siku hiyo alilala chali, salama. Akageuka kushoto, salama. Alipogeuka kulia, akakaa kidogo, dari likaanza kwenda. Kwanza polepole, kisha likaenda kama pangaboi. Ukuta ukafuata dari, na magunia yakafuata ukuta. Bi Sufi akashika kingo za godoro kwa mikono miwili. Kabla hajapata sauti ya kumwita mumewe, kila kitu kikarudi mahali pake kama hakikufanya kosa lolote.

Akakaa kitako, akalitazama lile godoro kwa jicho baya.

"Limekaa upande," alisema.

Akalifumua. Akaitoa sufi yote, akaichambua upya, akaijaza, akashona. Akalala. Kushoto hakuna neno. Kulia, dari likaenda tena. Akalifumua mara nyingine. Mumewe, ambaye kazi yake ni kuipiga sufi kwa fimbo ilainike, akachungulia mlangoni.

"Mama, hilo godoro ukilifumua tena litaomba talaka."

"Wewe piga sufi. Hii kazi huijui."

Lakini kosa halikuwa la godoro. Lile jambo la kuzunguka lilimjia kitandani alipogeuka kulia kuzima taa. Lilimjia alipoinua uso kutazama kabati la juu. Taratibu akajifunza kuliepa. Akalala kwa mito mitatu kama mtu anayesubiri wageni, na akatembea na shingo imenyooka kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Akiulizwa hali, alisema nzuri tu. Akibanwa sana, alisema kichwa kidogo, uzee huo. Ndivyo alivyo Bi Sufi. Habari ya godoro atakueleza mpaka uchoke, ila habari yake mwenyewe utaitoa kwa koleo.

Sasa ngoja nikuambie kilichomuuma hasa. Binti yake wa pekee alikuwa amejifungua. Mtoto huyo alichelewa, na watu walikuwa wameshaacha kuuliza. Alipokuja, wa kiume, mnene, mwenye kipaji kikubwa cha uso, Bi Sufi akamwita "mume wangu" kabla hata hajafumbua macho vizuri. Babu yake akalalamika nyumba nzima ikasikia.

"Yaani miaka yote hii, leo naletewa mume mwenza! Tena hana hata meno!"

"Afadhali yeye," Bi Sufi alijibu. "Yeye hakoromi."

Binti alikuwa akija na mtoto karibu kila siku, maana anakaa mtaa wa pili tu. Kumwogesha mtoto ilikuwa kazi ya bibi. Alasiri moja akamaliza kumwogesha, akamfuta, taulo likaanguka. Akainama kuliokota, mtoto yuko kifuani, akainuka. Nyumba ikaondoka. Bi Sufi hakupiga kelele. Aliegemea ukuta, akateleza nao polepole mgongo ukiwa ukutani, mpaka akakaa sakafuni, mikono imemkumbatia mtoto kama kabati lililofungwa kwa ufunguo. Mtoto alidhani ni mchezo, akacheka. Bi Sufi alipofumbua macho, binti yake alikuwa amesimama mlangoni.

Binti hakugomba. Alikuja, akamchukua mtoto mikononi mwake, akasema, "Pole, mama. Pumzika."

Basi, ni hayo tu. Lakini tangu siku hiyo mikono ya watu wa nyumba ile ikawa myepesi. Mtoto akilia, kabla Bi Sufi hajanyanyuka, binti ameshafika. Akitaka kushushwa, babu ameshampokea. Akiwekwa karibu na bibi yake, anawekwa kwenye mkeka, na mtu mwingine anakaa upande wa pili bila kusema amekaa kwa sababu gani. Mtoto alipitishwa mbele ya pua yake kutoka mkono hadi mkono, naye akabaki kumkenulia meno. Ingekuwa ni ukali, angeujibu. Huruma utaijibu nini? Akanyamaza, akaanza kumshonea mjukuu wake godoro dogo la kitandani kwake, angalau mikono yake ifike pale ambapo yeye hafiki.

Walimpeleka zahanati. Wakapima presha, ikaonekana imepanda kidogo, akapewa vidonge vya presha na vya kizunguzungu. Havikusaidia. Wakampima macho, akapewa miwani. Sasa akawa anaona dari linavyozunguka kwa uzuri zaidi. Mwishowe daktari wa zahanati akakuna kichwa, akasema aende hospitali kubwa, kitengo cha masikio.

"Sikio?" Bi Sufi alishangaa. "Mbona nasikia vizuri?"

"Hilo ni kweli, daktari," mumewe akadakia. "Watu wakinong'ona nyumba ya pili, huyu ndiye anayecheka."

Kabla ya siku ya kipimo, hospitali ilimpigia simu binti na kumpa masharti. Siku mbili asimeze vidonge vya kizunguzungu, asubuhi ale kidogo, na asipake chochote usoni wala machoni. Binti akamweleza mama yake, tena mara mbili. Bi Sufi alitii yote isipokuwa moja. Alitokea mlangoni amevaa nguo ya kutokea, macho yamezungushiwa wanja mweusi tii.

"Mama! Si wamesema usipake kitu?"

"Kipodozi sijapaka. Wanja si kipodozi, wanja ni adabu. Nitaendaje kwa watu na macho matupu?"

Aliyewapokea alikuwa mpimaji, mwanamke kijana, mfupi, mwenye viatu visivyo na sauti na maneno yasiyo na haraka. Chumba chake kilikuwa na pazia nene dirishani, skrini ukutani, kiti, na kitanda chembamba kilichofunikwa plastiki. Kabla ya salamu kwisha, Bi Sufi alikuwa ameshakibonyeza kitanda kwa kiganja.

"Mwanangu, hili godoro limekufa. Lizikeni."

Mpimaji akacheka mpaka akashika mdomo. "Tumeshaomba jingine, bibi. Tunasubiri. Karibu ukae."

Akamvisha miwani mikubwa, mizito, imeziba pande zote kama ya wapiga mbizi, na ndani yake kuna kamera ndogo inayotazama jicho. Kwenye skrini jicho la Bi Sufi likatokea kubwa kama sahani. Kulikuwa na duara ndogo ya mwanga iliyotakiwa kukaa juu ya mboni na kuifuata kila inakokwenda. Lakini ile duara haikutaka kukaa. Ilikimbilia kwenye kope, ikarudi, ikakimbilia kope tena.

"Bibi, umepaka wanja?"

Binti akatazama dari.

"Kidogo," Bi Sufi akasema.

"Kamera inaona weusi wa wanja, inadhani hapo ndipo penye mboni. Itabidi tuufute."

Ukafutwa kwa pamba na mafuta kidogo. Bi Sufi akakaa amejiinamia kama mtu aliyevuliwa kilemba. "Hata mume wangu hajaniona hivi tangu tuoane."

"Hata mimi, mama," binti akasema. "Nilijua umezaliwa nao."

Mpimaji akaanza kazi. Akamwambia atazame nukta nyekundu, aifuate kwa macho inapoenda kulia, inaporuka kushoto. Akashika kichwa chake kwa viganja viwili, akamwambia akazie macho pua yake, akakigeuza kichwa ghafla kidogo huku na kidogo kule. Bi Sufi aliyafanya yote vizuri, akawa anajisikia kama mwanafunzi mzuri. Ila kuna jambo lilimsumbua.

"Mwanangu, naumwa kizunguzungu, nimeletwa kwa sikio, na wewe unapima macho. Sisi hapa tunapishana?"

"Hatupishani, bibi. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu isiyo ya kusikia, ni ya kukuweka sawa. Ukigeuza kichwa, inayaambia macho yaende upande wa pili ili dunia isimame mahali pake. Ile sehemu ikidanganya, macho yanacheza. Ndiyo maana natazama macho. Mtu anaweza kuniambia hajambo, lakini macho yake hayawezi."

Maneno hayo yakamwingia Bi Sufi kama shazia. Akamtazama binti yake pembeni, ameketi kwenye kiti amekumbatia mkoba. Akawaza, hapa nikizunguka kama ninavyozunguka, binti yangu huyu akaona kwa macho yake, basi mjukuu wangu nitamwona kwenye picha. Akakata shauri moyoni, kizunguzungu hakitapewa nafasi.

"Sasa nitakulaza haraka, kichwa kikiwa kimegeuka, kishuke kidogo chini ya ukingo wa kitanda," mpimaji alisema. "Usifumbe macho, hata kizunguzungu kikija."

Kwanza upande wa kushoto. Hakuna neno, macho yametulia. Halafu upande wa kulia. Hapo Bi Sufi alitumia ujuzi wake wote. Alitanguliza kiwiko, akashuka polepole kama anayeingia maji ya baridi, akageuza bega na kiuno na shingo vyote pamoja kama ubao. Kichwa hakikufika kilipotakiwa kufika. Mpimaji akatazama skrini, akasubiri. Macho yametulia tuli.

"Shingo inakuuma, bibi?"

"Haiumi."

"Mbona ngumu kama nguzo?"

"Uzee."

Binti akashusha pumzi. Mpimaji akamwinua, akaleta chombo cha maji chenye mrija mwembamba.

"Hiki ndicho kipimo cha mwisho. Nitatia maji ya vuguvugu sikioni, moja baada ya jingine, baadaye ya baridi kidogo. Yatakuletea kizunguzungu. Usiogope, hiki ni changu, nimekileta mimi na kitaondoka chenyewe. Sikio lililo zima macho yatacheza, lililokufa yatanyamaza. Ila akili isisinzie, ikisinzia kipimo kinaharibika. Kwa hiyo uzungumze. Unafanya kazi gani?"

"Nashona magodoro."

"Basi niambie linavyoshonwa, tangu mwanzo, usiruke kitu."

Sasa hapo, wewe unayenisikiliza, mpimaji alikuwa amefungua bomba. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia Bi Sufi asiruke kitu. Siku zote anaambiwa afupishe. Maji yakaingia sikio la kulia, chumba kikaanza kuyumba kama kinasukumwa na mtu asiyeonekana, naye akaanza na gunia la sufi. Akaeleza jinsi ya kuichambua, kokwa huku na takataka kule. Akaeleza mzee anavyoipiga kwa fimbo, na kwamba mpigaji mvivu anajulikana siku ya tatu. Kikatulia. Yakaingia sikio la kushoto, akaendelea na kitambaa, mistari ikutane kwenye pembe. Kikatulia.

"Tulifika wapi?" aliuliza yeye mwenyewe, maji ya baridi yalipoanza.

"Kwenye pembe," mpimaji akajibu.

"Enhe. Pembe unaijaza kwanza, maana ukiiacha mwisho inakuwa mdomo wa bibi kizee. Unapaka uzi nta. Unapiga shazia kutoka chini kwenda juu. Ukishafunga uzi wa mwisho namwambia mzee akae nje, narudisha mlango, natandika shuka, nalala chali, kichwa kinashuka mpaka kinagusa, nageuka kushoto, halafu nageuka kulia, na hapo kulia ndipo..."

Kizunguzungu cha maji kilikuwa kinapungua, na akili ikarudi kwa mwenyewe, ikakuta siri iko nje.

"Unalala wapi, mama?" binti akauliza.

"Kwenye godoro."

"Godoro la nani?"

"La mwenyewe."

"Mama! Unalala kwenye magodoro ya wateja?"

"Sasa nitajuaje kama linalalika? Nilipigie simu?"

Binti akacheka, akajifunika uso kwa mkoba. Lakini mpimaji hakucheka. Alikuwa amevuta kiti chake mpaka karibu.

"Bibi. Kulia ndipo nini?"

Bi Sufi akatazama mikono yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo. "Kulia ndipo linapokuja. Haliji palepale. Linangoja kidogo, kama mtu anayejifikiria, halafu linakuja kwa nguvu zote. Wala halikai. Muda wa kuvuta uzi mrefu mara moja, limekwisha."

"Na kitandani?"

"Vilevile. Nikigeukia kulia."

"Ndiyo maana umeikaza shingo?"

"Nimejifunza kutolipa nafasi."

Mpimaji akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nakaribia kuandika kwamba masikio yako yote mawili yanafanya kazi sawa, ukarudi na vidonge vyako. Na kweli yanafanya kazi sawa, maji yamethibitisha. Lakini hilo unalolisema lina jina na lina dawa, ila sharti nilione. Pumzika kwanza. Halafu ulilalie hili godoro letu lililokufa kama unavyolilalia la mteja. Bila ujanja."

Walipompumzisha vya kutosha, Bi Sufi akakaa kitandani, miguu imenyooshwa. Hakumwangalia mpimaji, alimwangalia binti.

"Mwanangu, hebu nenda kaninunulie maji."

"Maji haya hapa."

"Basi toka tu nje kidogo."

"Sitoki, mama." Akainuka, akaenda kusimama mwisho wa kitanda, akamshika mama yake miguu yote miwili juu ya vifundo. "Lala. Nimekushika."

Akalala. Kichwa kimegeuzwa kulia, akajiachia chini kama afanyavyo karakanani, shingo laini, kichwa kikashuka mpaka kikaguswa na kiganja cha mpimaji. Kikapita kimya kidogo. Halafu likaja. Chumba chote kikang'oka. Bi Sufi akasikia kucha zake zikikwaruza plastiki, na kila kitu ndani yake kikamwambia afumbe macho. Hakufumba. Vidole vya binti vilikuwa vimemkaza miguu, navyo peke yake ndivyo vilivyokuwa havizunguki.

"Nimeliona," mpimaji akasema. "Limekuja, bibi. Nimeliona lote. Endelea kufumbua hivyohivyo."

Binti alikuwa ametazama skrini. Pale ukutani jicho la mama yake, lisilo na wanja, lilikuwa linajizungusha na kurukia juu, linarudi, linarukia juu, kama mdudu aliyenaswa. Kisha likapunguza mwendo, likatulia.

"Mama, kumbe ndivyo hivi?"

"Ndivyo hivi."

"Peke yako siku zote hizo?"

"Nilikuwa na ukuta," Bi Sufi akasema, na machozi yakamteremkia ndani ya ile miwani. Wala hayakuwa ya uchungu. Miezi yote amekuwa akiambiwa presha, akiambiwa macho, mpaka yeye mwenyewe akawa anajiuliza kama si wazimu unaoanza. Leo mtu mwingine ameona. Hujui uzito wa mzigo mpaka mwingine aushike upande mmoja aseme, kweli, huu ni mzito.

Mpimaji akamweleza palepale, akiwa bado amemshikilia kichwa. Ndani ya sikio kuna vichembe vidogo mno, kama vumbi la chokaa, vina mahali pao pa kukaa. Vyake vya sikio la kulia vilikuwa vimechomoka, vikaingia kwenye mrija mwembamba uliopinda, wenye maji. Akilala upande ule vinateremka, maji yanasogea, na sikio linapiga kelele kwamba unazunguka, wakati umelala tu.

"Kama mbegu za sufi zilizobaki godoroni," Bi Sufi akasema. "Ukiliinua zinakimbilia pembeni."

"Hasa! Na sasa tunaligeuza godoro mpaka mbegu zirudi zilikotoka."

Akamgeuza kichwa taratibu kuelekea kushoto, akangoja. Akambiringisha mwili mzima alalie ubavu wa kushoto, pua ikitazama sakafu, akangoja. Kizunguzungu kikaja kidogo, kikaenda. Kisha wote wawili, mpimaji na binti, wakamwinua akakaa, kidevu kimeinama. Hakuna kidonge wala sindano.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Kwa leo. Rudi wiki ijayo nikupime tena. Vinaweza kurudi siku moja, sikufichi. Vikirudi, usivifiche na wewe. Njoo tuvigeuze."

Wiki iliyofuata alirudi na binti yake, bila wanja. Akalazwa kushoto, kimya. Akalazwa kulia, akajiachia kama gunia, na mpimaji akatazama skrini muda mrefu. Macho yalikuwa yametulia kama maji ndani ya mtungi. Bi Sufi akamshika mpimaji mkono kwa mikono yake miwili. Mwezi ulipogeuka, mumewe aliingia mlango wa kitengo cha masikio amejitwisha godoro jembamba, limekatwa kwa kipimo cha kile kitanda na kuvalishwa plastiki.

"Mpimaji yuko wapi?" aliuliza. "Nimeambiwa nimwambie limeshalaliwa. Pande zote mbili."

Lakini yaliyobaki ni ya siku ile ile aliyotoka kupimwa mara ya pili. Alasiri binti akaja na mtoto kama kawaida. Bi Sufi alikuwa karakanani, anamaliza lile godoro dogo la mjukuu. Akakata uzi. Alimsikia binti anavua viatu, akamsikia mtoto anaguna, na moyo wake ukasimama kungoja. Akawaza, leo watanipa. Wameona wenyewe.

Binti akaingia, akasalimia, akambusu mama yake shavuni. Halafu, bila hata kufikiri, mikono yake ikampeleka mtoto kwa babu, na mikono ya babu ikampokea. Hawakuwa na nia mbaya. Ilikuwa ni mazoea tu, yameshaingia mwilini.

Bi Sufi akalitandaza godoro dogo mezani, akatandika kitambaa safi. Lilikuwa dogo mno kulilalia, lingetosha kichwa chake tu. Basi akainama, akakilaza kichwa hapo. Akageuza shavu la kushoto, akatulia. Akageuza la kulia. Akangoja lile jambo linalojifikiria kwanza kabla ya kuja.

Magunia yalibaki mahali pake. Dari halikwenda popote. Alichosikia ni sufi laini chini ya shavu, bila bonge wala mbegu, na mjukuu wake akibwabwaja kwenye bega la babu.

"Vipi, linalalika?" babu akauliza.

Bi Sufi akainuka, haraka, kama alivyokuwa akiinuka zamani. Akakung'uta sufi kwenye mikono, upande huu na upande huu, akaja akasimama mbele ya mumewe, shingo yake imelegea, mikono ameinyoosha.

"Linalalika," akasema. Kisha akamgeukia binti yake, akamtazama machoni. "Mwanangu, nimekaa kimya, na kimya kimenichosha. Nipeni mume wangu. Nataka kumbeba mwenyewe."